Kiota, mwanagenzi au kaya elfu? Njia nne za kurudisha lugha ya jamii

Mpango wa maendeleo wa jamii una mpangilio wake unaojulikana. Maji kwanza, kisha barabara, zahanati na shule. Mwishoni kabisa, wakati wajumbe wameshaanza kutafuta viatu vyao, kinasomwa kichwa "Utamaduni". Lugha huwekwa hapo, pamoja na ngoma na shanga, na bajeti yake ni ya kushona sare za kikundi.

Zipo jamii asilia duniani zilizoupindua mpangilio huo. Ziliitanguliza lugha, na mengine yote (afya, malezi, ardhi, kazi) yakajengwa kuizunguka. Hapa nalinganisha njia nne walizopitia, kwa ajili ya mtu aliye kwenye kamati na anayetakiwa aseme twende na ipi. Huenda ni Myaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia, ambaye wazee wake waliihama lugha ya warina asali wakachukua Kimaa, lugha ya Wamaasai. Huenda ni Msuba wa Mfangano au Rusinga aliyekulia katika Kijaluo. Au ni jirani yangu ambaye lugha ya bibi yake inamezwa na hiki hiki Kiswahili ninachokiandika. Tukubali tu kwamba katika habari hii sisi mara nyingi ndio chatu.

Kipimo changu ni kimoja: saa za wazee. Fedha huombwa, majengo huazimwa, vitabu huchapishwa baadaye. Lakini mzee wa miaka 78 mwenye presha ana labda saa mbili nzuri kwa siku, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na saa hizo hakuna mfadhili anayeweza kuziongeza. Kila njia inazitumia kwa namna yake. Kamati isiyojua hesabu hiyo inaweza kuzimaliza zote kwenye semina.

Waliohesabu kwanza

Mwaka 1975, makundi matatu yaliyo ndugu ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, Te Āti Awa, Raukawa na Toa Rangatira, yalijiandikia mpango wa miaka 25 wakauita Whakatupuranga Rua Mano, yaani kizazi cha mwaka 2000. Makao yake yalikuwa Ōtaki, kaskazini ya Wellington, na aliyeongoza fikra zake alikuwa Whatarangi Winiata. Walipojihesabu hawakumpata hata mtu mmoja wa chini ya miaka 30 aliyeweza kuzungumza Kimaori.

Kilichowatofautisha ni kwamba hawakuanzisha "mradi wa lugha". Waliweka nguzo nne: watu ndio mali yetu, lugha ni hazina, marae (uwanja na nyumba ya ukoo) ndiyo maskani yetu kuu, na tujiamulie mambo yetu wenyewe. Uamuzi wowote ulipimwa kwa nguzo hizo. Mwaka 1981 wakafungua chuo chao cha juu, Te Wānanga o Raukawa. Kwa wakati ule ilikuwa kama ndoto ya mchana, jamii ndogo isiyo na mtaji kujijengea chuo kikuu. Leo chuo kipo.

Sasa tuingie kwenye njia zenyewe. Yoyote kati ya hizi nne bila mpango wa aina ile ya Ōtaki nyuma yake itakuwa mradi, na miradi tunaijua mwisho wake.

Kiota

Te kōhanga reo maana yake ni kiota cha lugha. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1982 huko Wainuiomata, karibu na Wellington. Utafiti wa Richard Benton wa miaka ya 1970 ulikuwa umeonyesha hatari ilipo: wasemaji fasaha walikuwa watu wa makamo na wazee, na nyumba ambamo mtoto alikua akiisikia zilikuwa zimebaki chache sana. Basi wakasema: bibi anazungumza, mama hazungumzi, mruke mama, mpeleke mtoto kwa bibi. Mtoto wa chini ya miaka mitano ashinde pale, ale, alale, afutwe kamasi, akemewe na abembelezwe kwa Kimaori tupu. Hakuna somo na hakuna ubao.

Viota vilichipuka kama uyoga. Kufikia 1994 vilikuwa 800, na watoto 14,000. Mafanikio haya ndiyo yanayowavutia wengi, na ndiyo njia ambayo kamati nyingi huitaja kwanza kwa sababu picha zake ni nzuri: bibi mwenye mvi na watoto mapajani.

Lakini hesabu saa. Kiota kinataka siku tano kwa wiki, na kazi ya kukimbizana na watoto wa miaka miwili si ya mtu mwenye magoti mabovu. Ukigawa kwa kila mtoto, ni njia ya bei nafuu, kwa sababu saa moja ya bibi inawalisha watoto kumi kwa pamoja. Ukitazama mwili wa bibi mwenyewe, hakuna njia inayomchosha zaidi. Jamii yenye wazee 40 wenye nguvu wanaopokezana zamu inaweza. Yenye wazee sita itawazika mapema.

Tatizo la pili liliwakuta Wamaori ana kwa ana. Mtoto alifika miaka mitano, akaingia shule ya Kiingereza, na baada ya miezi michache lugha ikaanza kumtoka. Wazazi wakalazimika kuanzisha shule zao za msingi, Kura Kaupapa Māori, ya kwanza ikiwa ya 1985 kwenye marae ya Hoani Waititi, Auckland. Anayefungua kiota leo ameahidi shule baada ya miaka mitano, awe amelitambua hilo au la.

La tatu ni serikali. Mwaka 1990 viota vilihamishiwa Wizara ya Elimu, na pamoja na fedha zikaja fomu, viwango vya majengo na vyeti. Taasisi iliyoendeshwa na familia ikaanza kupimwa kama chekechea ya kawaida. Mwaka 2012 Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali, liliamua kwamba serikali ilikuwa imeshindwa kuulinda mfumo huo ipasavyo. Viota sasa havifiki 500.

Hata hivyo kuna faida moja ambayo takwimu hizo haziioni. Kiota kiliendeshwa na wazazi, na akina mama wengi walioingia wakiwa hawajui neno walijikuta wanasimamia hesabu, wanaongoza vikao, na wanaanza kuzungumza. Mtoto ndiye aliyemvuta mama. Kwa mtu anayepanga ustawi wa jamii nzima, hilo lina uzito kuliko alama za mtihani.

Fundi na mwanagenzi

California ilikuwa na lugha zinazokaribia mia kabla ya wageni. Kufikia miaka ya 1990 nyingi zilizosalia zilikuwa na wasemaji wachache tu, wote wazee, na hapakuwa na mtoto aliyekuwa akizipata nyumbani. Kufungua kiota kusingewezekana, kwani ni nani angekaa humo? Mwaka 1992 wenyeji walianzisha shirika lao la kuzitetea lugha hizo, na wakishirikiana na mwanaisimu Leanne Hinton wa Chuo Kikuu cha Berkeley wakaunda utaratibu rahisi mno: mzee mmoja (fundi), mtu mzima mmoja anayejifunza (mwanagenzi), saa 10 hadi 20 kwa wiki, miaka mitatu. Wote wawili hupewa posho.

Yeyote aliyepita gereji anaijua shule hii. Hakuna aliyefundishwa ufundi kwa kukaririshwa majina ya spana. Unaambiwa "nipe ile", unaleta isiyo yenyewe, unatupiwa jicho, unaleta nyingine. Hapa pia Kiingereza kinawekwa pembeni, na tafsiri hairuhusiwi. Mnaosha vyombo, mnapika, mnaendesha gari kwenda dukani, na kila kinachofanyika kinasemwa. Asiyeelewa aonyeshwe kwa mikono. British Columbia, Kanada, waliuchukua utaratibu huu wakaupa kipimo: saa 300 kwa mwaka, hadi miaka mitatu, jumla saa 900.

Saa 900 hazimfanyi mtu awe mzee wa lugha. Zinamfikisha mahali pa kuendesha mazungumzo bila kukimbilia Kiingereza, na kwa lugha yenye wasemaji watano hilo ni jambo kubwa. Kwa kichwa kimoja kimoja ni njia ghali, maana saa ya mzee inamlisha mtu mmoja tu. Lakini kwa mwili wa mzee ni nyepesi kuliko zote. Hatoki kwake. Anapata mtu wa kumchotea maji, wa kumpeleka kliniki na wa kucheka naye utani ambao kwa miaka 20 hakuwa na wa kumtupia. Wanaopanga huduma za wazee wangefurahi kupata programu ya namna hii hata kama lugha isingekuwemo.

Hatari zake ni mbili. Mzee anaweza kufariki katikati, na mwanagenzi akafiwa mara mbili kwa siku moja, mtu na lugha. Mpango usioweka chochote kwa ajili ya siku hiyo haujakamilika. Hatari ya pili ni upweke baada ya miaka mitatu, kwa kuwa na lugha na kukosa wa kuzungumza naye. Ndiyo maana kumchagua mwanagenzi ni kazi nzito kuliko kumchagua mzee. Asiwe yule anayependa sana utamaduni majukwaani. Awe mtu anayekaribia kupata watoto, au mwalimu wa chekechea, au muuguzi, mtu ambaye lugha itapata pa kwenda kupitia kwake.

Mwaka mmoja wa watu wazima

Inari ni manispaa ya kaskazini ya Ufini, kubwa kuliko zote nchini humo kwa eneo, na ina lugha rasmi nne. Mojawapo, Kisaami cha Inari, lugha ya Wasaami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Ulaya, ina wasemaji mia tatu na kitu. Chama chao cha lugha, kilichoanzishwa 1986, kilifungua kiota mwaka 1997 kwa mfano wa Wamaori, na watoto wakaanza kuzungumza. Hapo ndipo pengo lilipojionyesha. Watoto wapo, wazee wapo, lakini wa katikati, wa kuwafundisha shuleni, kusoma habari redioni, kuendesha ofisi, hakuna.

Mwaka 2009 watu wazima 17 waliacha shughuli zao kwa mwaka mzima wakajifunza lugha, darasani na pia kwa wazee, kwenye uvuvi, jikoni na kazi za mikono. Walitafutwa kwa kuangalia fani zinazohitajika, si kwa wema wao. Baada ya mwaka, viota, shule na vyombo vya habari vikapata wafanyakazi.

Naipenda kwa sababu moja: inagawa mzigo. Badala ya mzee mmoja kubeba kila kitu, wazee wengi hutoa siku chache kila mmoja. Inachodai ni fedha, maana watu 17 wenye kodi na watoto hawaishi kwa upepo mwaka mzima. Wamohawk, jamii asilia ya Six Nations, Ontario, Kanada, nao wana shule ya watu wazima tangu 1999, na huko pia waliogundua kwamba masomo ya jioni mara moja kwa wiki hayamfikishi mtu popote walikuwa wanafunzi wenyewe.

Kaya elfu

Ngāi Tahu ni Wamaori wa Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Walimalizana na serikali mwaka 1998 kwa fidia ya dola milioni 170 za nchi hiyo, hivyo wao fedha walikuwa nazo. Walichokosa ni wasemaji, na watu wao walikuwa wametawanyika mijini. Wakaja na lengo linalosemeka kwa pumzi moja: Kotahi Mano Kāika, kaya elfu moja zinazozungumza Kimaori ifikapo 2025. Hata neno kāika ni la kwao. Wamaori wengine husema kāinga, wao hutamka k mahali pa ng, na kwa kuliandika hivyo walikuwa wameshasema ni lahaja ipi wanayoirudisha.

Hapa saa za wazee zinazotumika ni chache. Kazi iko kwa mzazi kijana ambaye mwenyewe ni mwanafunzi, anayeamua kwamba kuanzia leo mezani, bafuni na kwenye gari ni Kimaori tu, hata kama ni kibovu. Anasaidiwa kwa vitabu, kambi za familia na ruzuku. Inachosha kwa namna nyingine. Kumkaripia mtoto kwa lugha ambayo wewe mwenyewe unaitafuta neno kwa neno ni kazi ya kutokwa jasho, na ndoa ambayo mmoja anataka na mwenzake hataki huisikia haraka. Lakini kaya ndiyo mahali pekee lugha inapojirithisha bila bajeti.

Na afya?

Mwaka 2007 Hallett, Chandler na Lalonde walichapisha utafiti kuhusu jamii za asili za British Columbia. Katika zile ambazo angalau nusu ya watu waliweza kuzungumza lugha yao, vifo vya vijana vya kujiua vilikuwa vichache sana, vikikaribia kutokuwepo kabisa. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali, wakati mwingine ovyo. Haisemi kwamba kumfundisha kijana vitenzi kunamwokoa. Jamii iliyoishika lugha yake mara nyingi imeshika na ardhi, baraza na shule zake, na utafiti wa awali wa Chandler na Lalonde, wa 1998, ulionyesha hayo pia yanakwenda na vifo vichache. Kwa mpangaji, maana yake ni kwamba lugha isitengwe na hayo mengine.

Chombo kinachonisaidia ni nyumba ya Mason Durie, daktari wa magonjwa ya akili Mmaori, ya miaka ya 1980. Afya ina kuta nne: mwili, fikra na hisia, familia, na roho. Ukuta mmoja ukilegea, nyumba inainama. Pitisha njia zetu humo. Kiota kinaukaza ukuta wa familia na kuuchosha ule wa mwili wa bibi. Fundi na mwanagenzi inamfaa mzee kwenye kuta zote nne. Masomo ya watu wazima yanagusa ule wa hisia, tena panapouma.

Maana lugha haikupotea kwa ajali. Wasaami walilelewa kwenye mabweni, watoto wa jamii asilia za Kanada kwenye shule za kulala walikoadhibiwa kwa kuzungumza lugha yao, na Kenya wengi bado wanakumbuka kibao cha kuvishwa shingoni aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani. Matokeo yake kila jamii ina kundi la watu wa miaka 40 hadi 60 wanaoelewa kila kitu na hawatamki chochote. Ukimuuliza atakwambia hajui. Mwimbie wimbo wa bibi yake, utaona macho. Upande wa Norway, Wasaami waliandaliwa kozi zilizotumia mbinu za tiba ya kisaikolojia kuwasaidia watu kama hawa kuivuka aibu hiyo. Kamati nyingi huwaruka, nami naona ni kosa, kwa sababu hawahitaji saa 900. Wanahitaji chumba kisicho na mtu wa kuwacheka.

Basi ipi?

Chukueni daftari, mwandike kila anayezungumza, umri wake, hali ya afya yake, na saa anazotaka kutoa kwa hiari yake. Karatasi hiyo ndiyo itakayochagua.

Mkiwa na wazee makumi, wenye nguvu, na wajukuu wanaishi karibu, fungueni kiota, na siku hiyo hiyo mteue watu wa kushughulikia shule. Kwa walio Kenya, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za asili, na mtaala unaruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya chini. Mnapokwenda kaunti kuomba, nendeni na ibara mkononi. Fedha zikija, someni masharti kabla ya kushukuru.

Mkiwa na wasemaji mia kadhaa na mfadhili mmoja wa uhakika, fuateni Inari, kwa kuanza na walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu wenu wakiwa wamehamia Nairobi, Mombasa au Dar, kiota cha kijijini hakitawafikia. Anzeni na kaya, hata kumi, si lazima elfu.

Mkiwa na wazee chini ya kumi, acheni viota, acheni kamusi, acheni tamasha. Tafuteni wanagenzi wiki hii. Na kama mngeniambia nichague moja tu bila kuona daftari lenu, ningechagua hiyo, wanagenzi wakiwa vijana wanaotarajia mtoto, kwa sababu ndiyo njia pekee inayoweza baadaye kugeuka kuwa kaya, kisha kiota.

Na mkiwa na sifuri? Wamyaamia, jamii asilia ya Oklahoma na Indiana, Marekani, waliwapoteza wasemaji wao wa mwisho katikati ya karne ya 20. Daryl Baldwin aliianza lugha hiyo akiwa mtu mzima, kutoka kwenye maandishi ya wamisionari na wanaisimu, jioni baada ya kazi, mkewe akijifunza naye. Watoto wao wanne walikulia ndani ya nyumba ambamo Kimyaamia kilikuwa kikizungumzwa.